Viti Visivyotakiwa Kujulikana

Fundi wa makochi hushukiwa kabla hajashika koleo. Mteja anakuletea seti ya mvule aliyoirithi, anaiacha barazani kwako Bweri, huku Mara, na hatua kumi hazijaisha anarudi kuuliza kama mvua haifiki hapo. Mvua siyo inayomsumbua. Anaogopa utamtolea springi nzima na kumwekea zilizolegea. Wengine huweka alama. Nimewahi kukuta uzi mwekundu umefungwa kwenye springi ya ndani kabisa, na mara moja punje tatu za mahindi zimepangwa chini ya gunia la kiti, ili mwenyewe akija ahesabu. Sikukasirika. Nilipomaliza kazi nilizirudisha punje zote tatu.

Shaka hiyo nimeijibu kwa maandishi. Sikufundishwa kazi na mtu. Shule niliishia darasa la saba Murangi, na ufundi huu niliupata kwa kufumua. Kochi la kwanza lilikuwa langu mwenyewe, lililobonyea katikati. Nililifumua kwa siku nne, nikichora kila tabaka nililoondoa: kitambaa, pamba, makumbi, gunia, springi, kamba ya katani, mikanda. Kisha nikalirudisha kwa kuifuata michoro kuanzia wa mwisho. Tangu hapo kila kiti kinachoingia kwangu kinapewa ukurasa kwenye kaunta buku na namba ya penseli chini ya fremu, na maneno ya mteja nayaandika kama alivyoyatamka, kwa sababu mteja husahau alichosema ila hasahau alichotaka.

Kilichonichukua muda zaidi kujifunza ni kwamba shaka inapaswa kwenda pande zote mbili. Kuvisha kiti upya ni kazi halali, lakini pia ni njia rahisi ya kumfanya mwenye mali apite mbele ya mali yake asiijue. Miaka ya mwanzo nilivisha jozi moja kwa kitambaa cha kijani, na muda mfupi baadaye mwenye viti alivitambua sebuleni kwa mtu mwingine kwa sababu ya mguu uliotafunwa na mbwa. Walikuja kwangu wote wawili, aliyeiba na aliyeibiwa, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mimi nilijua. Sikujua. Lakini pia sikuwa nimeuliza.

Kwa hiyo kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, iliposimama mbele ya banda langu mwaka juzi, kiangazi, nami nikamwona mtu wa miaka kama arobaini akishuka na kuangalia kushoto na kulia kabla ya kunisalimu, nilianza kuandika mapema.

Alileta kochi la watu watatu na viti viwili vya mikono. Mvule wa zamani, mzito, mikono mipana ya kuweza kubeba sahani, na hakuna msumari hata mmoja kwenye maungio. Kila mbao ilikuwa na ulimi wake ulioingia kwenye tundu lake na kugandishwa kwa gundi ya kupika, ile ya ngozi za wanyama. Kitambaa kilikuwa cha maua, lakini maua yenyewe yalikuwa yamebaki kwenye pindo tu.

"Shikamoo mama fundi."

"Marahaba."

"Nataka uvivue vyote. Mbao ukwangue mpaka ndani, halafu upake rangi nyeusi. Kitambaa nitaleta mimi."

"Mbao kama hii watu huionyesha, hawaipaki rangi nyeusi."

"Mimi nataka mtu akiviona asivijue."

Nikaacha kuandika, nikamtazama. "Ni vya nani?"

"Vya baba. Ametangulia. Mama ndiye yupo, kule kijijini, Butiama huko ndani. Mimi niko Bunda." Akasogea karibu, ingawa aliyekuwepo ni jirani yangu seremala peke yake, na randa yake ilikuwa inapiga kelele. "Mama fundi, kitu kikubwa ni kimoja tu. Nataka mahari ya mzee isijulikane tena."

Nikaandika hivyo hivyo: *Mahari ya mzee isijulikane tena.* Akaniachia namba yake ya simu na kunisihi nisimpigie mtu mwingine yeyote. Kirikuu ikaondoka.

Jirani yangu alizima randa. Masikio yake hayazibwi na mashine. "Mahari ya makochi? Huku kwetu?" Akalizunguka lile kochi kubwa, akalipigapiga ubavuni. "Sasa wakwe watayakamua? Au hili refu ndilo lenye mimba?"

"Nyamaza, nafikiri."

"Unafikiri au unapeleleza? Wewe ungekuwa polisi, mji huu ungekuwa mtupu."

Nilikuwa nafikiri. Mahari katika Mara ni ng'ombe, kila mtu anajua, lakini siku hizi familia hukubaliana pia mambo mengine: tangi la maji, bati, seti ya makochi kwa ajili ya baba mkwe. Nilimwona kichwani binti wa nyumba ile, ndoa imevunjika, upande wa mume wanakuja kudai walichotoa. Ng'ombe unaweza kusema wamekufa. Makochi hayafi, inabidi yabadilishwe sura. Na Bunda kuna mafundi wengi wa makochi, wengine wazuri kuliko mimi. Mtu wa Bunda anayetoa mzigo Butiama na kuuleta Bweri amechagua fundi asiyemjua.

Nilivipekua viti kwa utaratibu wangu. Kochi nililipa namba moja, viti namba mbili na tatu. Namba tatu ilikuwa karibu nzima. Springi zote zilisimama, vanishi ya mikono ilikuwa haijaliwa. Namba mbili ilikuwa habari nyingine. Springi za upande wa kushoto zilikuwa zimelala. Mkono wa kulia ulikuwa umeishiwa vanishi kabisa, na karibu na ncha palikuwa na kidimbwi chenye kina cha unene wa sarafu, pale ambapo kidole gumba cha mtu mmoja kilikuwa kimesugua mbao kwa miaka mingi. Huwezi kupata kidimbwi kama hicho kwenye kiti ulicholetewa juzi na mkwe.

Hapo ushahidi ulipingana na maelezo yangu, nami nikafanya kosa ambalo huwa nawalaumu wengine kwa kulifanya: nikarekebisha ushahidi. Nikajiambia kwamba mkwe alitoa viti vilivyokwisha kutumika.

Niliamua kufanya yale tu yanayoweza kurudishwa. Nikavua vitambaa, nikabadilisha mikanda, nikafunga springi kwa kamba mpya. Mbao sikuigusa. Springi ikikosewa hufungwa tena, lakini msasa ukishapita haurudi nyuma, na kama kuna mtu popote ambaye angekuja kusema "hivi ni vyangu", kitu pekee cha kumshuhudia kilikuwa ile mbao.

Baada ya wiki alipiga simu. "Umekwangua?"

"Bado. Mbao inapumua." Hakuna kitu kama hicho. Mbao ya umri ule ilishamaliza kupumua.

"Mama fundi, usinicheleweshe. Jumamosi ya wiki ijayo kuna watu wanakuja nyumbani."

"Watu gani?"

"Watu tu. Ukoo. Misa ya mwaka ya mzee."

"Na wao wanavijua hivi viti?"

"Ndiyo maana nimekwambia asivijue mtu."

Kesho yake, Alhamisi, nilikwenda Butiama. Dereva wa kirikuu nilimfahamu, hunibebea mbao. Alinieleza nyumba ilipo, ng'ambo ya mawe makubwa, bati jekundu. Nilibeba futi ya kupimia ili niwe na sababu: nimekuja kupima mlango.

Mama mwenye nyumba alikuwa uani anachambua mtama. Mwembamba, wa miaka sabini na kitu, kitambaa cheusi kichwani. Nilipomwambia mimi ni fundi wa makochi alinawa mikono, akanishika ya kwangu yote miwili, akanipeleka sebuleni. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu iliyong'arishwa, na juu yake palikuwa na alama za miguu ya viti, vimraba vyeupe, pale ambapo seti ilikuwa imesimama. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa ukutani, vimebanana. Mwanga wote uliingia kwa dirisha moja, na chini ya dirisha hilo hapakuwa na kitu, vimraba vinne tu. Nilichukua kiti cha plastiki nikakiweka pale, kwa sababu ya mwanga, nikakaa.

Mama akasita katikati ya chumba. "Hapo..." Kisha akapunga mkono. "Haya, kaa tu. Wewe mgeni."

Nilitoa futi, nikairudisha mfukoni. Sikuweza kuendelea na uongo wa mlango. "Mama, nimekuja kuuliza. Vile viti ni vya nani?"

"Vya mzee wangu."

"Vilitoka kwenye mahari?"

"Eee?"

"Mahari. Mwanao aliniambia, mahari ya mzee isijulikane tena. Nimeogopa, mama. Kama kuna mkwe anavidai, mimi sitaki kuwa mkono wa kuvificha."

Alinitazama mpaka nikahisi joto la masikio. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akakaa chini kwenye mkeka, akacheka huku ameshika shavu. "Mkwe! Mwanangu, mahari yangu ilikuwaga ng'ombe, na waliisha wewe hujazaliwa! Amekwambia nini huyu mtoto?"

"Mahari ya mzee."

"Ndiyo! Mahari! Si alipokuwaga anakaa?" Akanyoosha mkono akapiga mkono wa kiti changu cha plastiki. "Hapa! Hapa ulipokaa! Mahari yake!"

Nikasimama haraka kana kwamba kiti kimeniunguza.

Mahali. Kosa langu lote lilikuwa herufi moja. Kwenye midomo ya kwetu Mara, l na r hutembeleana kama majirani wasiobisha hodi. Hata mimi nililelewa hivyo, nikajiondolea tabia hiyo ukubwani kwa kusoma kwa sauti, na huwa najivunia. Nilikumbuka sasa kwamba yule kijana alikuwa ametamka pia "ametanguria" na "kure kijijini", nami nikayasahihisha kichwani bila kujitambua. Hili moja sikulisahihisha, kwa sababu lilitokea kuwa neno kamili. Na angesema "mahali pa mzee pasijulikane" ile *pa* ingeniokoa, lakini huku nani husema *pa*? Tunasema mahali yake, mahali ile, mahali nzuri. Nilikuwa nimeandika neno lake kwa uaminifu kabisa, na uaminifu huo ndio ulionipoteza.

Mama aliacha kucheka. "Kaa, kaa. Afadhali umekaa wewe." Nikakaa kwenye mkeka, karibu naye.

"Toka tumzike," alisema, "hakuna mtu anakaaga pale. Jumuiya ikija kusali wanajibana kochini watano watano, kiti kiko wazi. Kikiwa wazi kinaniangalia mimi. Siku moja nimechoka, nikamwambia shemeji yangu, mdogo wake mzee, kaa basi. Akakaa. Wakamwangalia yeye. Wote, kimya. Akaondoka hajamaliza chai, na mpaka leo wanasema anataka nyumba ya kaka yake."

"Hukuweza kukitoa tu?"

"Nikikitoa, nimemtoa mzee. Watasema hivyo." Aliokota punje ya mtama iliyoshikamana na kanga yake. "Nikamwambia mwanangu, viende vyote, virudi vyote, mtu asijue kipi ni kipi. Nataka Jumamosi ile watu waje nyumbani kwangu wakae. Basi. Wakae, wale, waondoke." Akainua macho. "Wewe unakijua?"

Niliangalia vile vimraba vinne sakafuni.

"Unakijua."

"Nakijua, mama."

"Basi bado ni kile kile."

Alisema kweli, na nilirudi Bweri nikiipima kweli hiyo. Rangi nyeusi isingetosha. Kiganja cha mtu aliyeishi na kiti miaka arobaini hakihitaji rangi kukitambua, na hata ningekwangua kidimbwi cha kidole, bado mkono ule ungebaki mwembamba kuliko wenzake. Na juu ya hayo nilikuwepo mimi, na namba zangu, na ukurasa wangu. Siku zilizobaki zilikuwa nane.

Nilimwambia jirani kila kitu, ikiwemo herufi. Alicheka mpaka akakalia kijiti cha gundi. Kisha akasema jambo la maana. "Vichanganye."

"Vipi?"

"Gundi ya kupika haipendi maji ya moto. Vifungue. Mkono wa huyu umpe yule, mgongo wa yule umpe huyu."

Tulifunga vitambaa vilivyochovywa kwenye maji ya moto kuzunguka kila ungio, tukasubiri, tukagonga kwa nyundo ya mbao. Viti vyote viwili vililegea vipande vipande. Seremala wa zamani alikata kila ulimi kwa tundu lake mwenyewe, kwa hiyo vipande havikukubali wenyeji wapya kwa hiari. Ndimi mbili tulizipunguza kwa patasi, na tundu moja lililozidi tulilijaza kipande chembamba cha mvule ule ule. Mkono wa kulia wa namba mbili ulikwenda kwa namba tatu. Wa kushoto ulibaki. Mgongo ulihama, springi zilizolala nilizitupa. Kidimbwi nilikikwangua nikiwa nimefumba macho, nikipapasa, mpaka vidole vyangu vikashindwa kukipata, halafu mikono mitatu iliyobaki nikaipunguza kwa randa ilingane na ule mmoja. Namba za chini nilizifuta kwa msasa kabla ya kitu kingine chochote kupakwa, hata ukurasa wangu usiweze kuvitambua.

Yule kijana alileta kitambaa Jumatano, cha kijivu kisicho na ua. Alisimama mlangoni. Mama yake alishampigia.

"Ulinishuku."

"Nilikushuku."

"Mwizi wa mahari." Alijaribu kutocheka. "Mama fundi, si ungeniuliza mimi?"

"Na wewe kwa nini Bweri, wakati Bunda mafundi wamejaa?"

"Bunda baba mdogo anauza mbao. Fundi gani pale hamjui? Ningemwachia asubuhi, jioni baba mdogo angekuwa ameshaambiwa kipi ni kipi." Akavitazama viti vyeusi vilivyokuwa vinakauka kivulini, kimoja, kingine, cha kwanza tena. "Na wewe hutasema?"

"Sitasema."

Aliitikia kwa kichwa, lakini niliona hakuniamini, na sikumlaumu.

Jumamosi tulivifikisha mapema, watu wakiwa bado uani kwenye misa. Mama aliniomba nivipange mwenyewe yeye akiwa jikoni. Nilivipanga, nikatoka barazani, na kwa kuwa nilitaka kujua mwisho wake nilikubali kubaki kula.

Padri alipoondoka kwenda misa nyingine, watu walianza kuingia ndani. Wa kwanza walisimama mlangoni, wa nyuma wakawasukuma, wakaingia wakielekea ukutani kama wanaopita kando ya ng'ombe asiyejulikana tabia. Kochi refu lilijaa. Viti viwili vilibaki.

Shemeji mtu, yule muuza mbao wa Bunda, aliingia wa mwisho. Mtu mnene, shati la mikono mirefu lililofungwa mpaka shingoni. Hakusalimia. Alikwenda kwa kiti cha kwanza akapitisha kiganja juu ya mkono wa kulia, polepole. Akaenda kwa cha pili, vivyo hivyo. Akainama akachungulia chini. Mtu wa mbao hudanganywa kwa shida. Kisha akatoka akanijia barazani.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye."

"Kipi cha kaka?"

Ningeweza kumwambia vyote viwili, na ingekuwa kweli, na hapo hapo viti viwili vingekuwa vya marehemu badala ya kimoja. "Hakipo," nikasema.

"Umekiuza?"

"Hesabu. Vilikuja vitatu pamoja na kochi. Vipo vitatu."

Aligeuka akahesabu kweli, kwa kidole. "Nikuulize tena. Shemeji yangu anakijua?"

"Muulize mwenyewe."

Mama alikuwa anatoka jikoni na sahani mbili za wali. "Shemeji, mbona umeziba mlango? Chakula kinapoa. Kaa."

"Nikae wapi?"

Mama akafungua mdomo amwonyeshe. Nilimwona akitazama kiti cha karibu na dirisha, kisha kile kingine, kisha cha dirishani tena, na uso wake ukawa wa mtu aliyesahau jina la mtoto wake mwenyewe. Alikuwa ametaka asijue, na sasa hakujua, na sidhani alikuwa ametarajia kwamba ingeuma.

Shemeji mtu aliuona uso ule. Wote waliuona.

Akapokea sahani moja mkononi mwake, taratibu. Akasogea kwenye kiti kilichokuwa karibu naye, akakaa ukingoni, kisha akasogea nyuma mpaka mgongo ukagusa kitambaa. Mama akasimama kidogo, akakaa kwenye kile kingine, kwa mara ya kwanza, nadhani, katika maisha yake ya nyumba ile. Watu kochini walimtazama shemeji mtu. Wakamtazama mama. Walirudi kwa shemeji mtu, na nikaona macho yanahangaika, hayajui yamtazame nani.

"Huu wali," akasema shemeji mtu, "umepikwa bila chumvi au ni mimi?"

"Ni wewe," akajibu mwanamke mmoja kutoka kochini. "Wengine tunakula."

Mtu akapitisha chumvi.